Kinundu Kilichokuwa Kinadunda

Mdogo wangu alikuwa na kinundu juu kidogo ya goti la kushoto, upande wa ndani kuelekea nyuma, tangu yuko darasa la sita. Kigumu kama kokwa la embe, hakiumi, hakisogei ukikisukuma. Wenzake walikiita goti la akiba, naye akalizoea jina.

Alipofikisha miaka 13 alianguka na baiskeli, tukampeleka kupigwa eksirei kwa hofu ya kuvunjika. Daktari aliiinua filamu dirishani akatuonyesha: mfupa wa paja ulikuwa umechipua kama tawi, shina lake limetoka kwenye mfupa wenyewe, ncha yake imeelekea juu, mbali na goti. Akasema inaitwa osteokondroma, ndiyo inayoonekana zaidi kati ya vimbe za mifupa zisizo za saratani. Hukua mtoto anapokua, na mifupa ikifunga urefu nayo husimama. "Kama haimsumbui, iacheni. Ila ikianza kuuma au kukua wakati yeye ameshaacha kurefuka, rudini upesi."

Mama alisikia "iacheni." Mimi pia. Ile sentensi ya pili tuliiacha pale pale dirishani.

Filamu ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikawekwa juu ya kabati. Masika ya mwaka uliofuata bati likavuja, bahasha ikalowa, filamu ikashikana na karatasi za majibu. Tukatupa vyote. Naandika hili mapema kwa sababu lilitugharimu baadaye: kila tulipofika waliuliza kinundu kilikuwa na ukubwa gani zamani, na kila tulipofika tukawa tunaonyesha kwa vidole.

Mwaka jana, mwezi wa tano, akiwa kidato cha nne, alirudi kutoka mazoezi ya mpira anachechemea. Hakuna aliyemchezea rafu. Alisema alipopiga mpira mrefu alihisi kitu kimemchoma nyuma ya goti, kama mwiba. Asubuhi yake pamevimba.

Bibi akasema amevilia damu. Akachemsha maji, akatoa mafuta ya nazi, akamkanda jioni tatu mfululizo, mimi nikiwa nimeshika taa ya simu na kumwambia kijana avumilie. Nikikumbuka zile jioni nywele zinanisimama. Simlaumu bibi, amekanda miguu ya kijiji kizima na mingi imepona. Lakini kama una mtu mwenye kinundu cha mfupa na pembeni yake kumevimba ghafla, mikono ikae mbali hadi apigwe picha.

Baada ya siku kumi uvimbe ulikuwa sawa na chungwa, ngozi ina joto, mguu hanyooshi. Zahanati wakampa sindano za antibiotiki siku tano. Hakuna kilichopungua. Tukaenda hospitali moja ya mji wetu mdogo, ule ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, jina nitalihifadhi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza namna picha za hospitali zinavyofanya kazi, kwa njia mbaya.

Kwanza eksirei, shilingi 20,000. Majibu: hakuna mvunjiko, kinundu ni cha zamani, mfupa uko sawa. Tukashusha pumzi. Na kwa kweli hakuna neno hata moja pale lililokuwa la uongo. Eksirei inaona mfupa vizuri kuliko kitu chochote cha bei yake. Kinachopita juu ya mfupa, yaani nyama, neva, mishipa ya damu, kwake ni kivuli kimoja cha kijivu. Sisi tulikuwa tumeiuliza habari za mfupa, ikatujibu habari za mfupa.

Halafu ultrasaundi, 30,000. Fomu aliyopewa mpigaji ilikuwa na maneno mawili tu: "Jipu? Goti." Haikutaja kinundu, haikutaja mwiba wa uwanjani, haikusema kwamba uvimbe ulitokea usiku mmoja. Yule mpimaji akaenda kutafuta jipu, na mtu akitafuta jipu kwenye mfuko wa majimaji mazito atalipata. Akaandika: mkusanyiko wa majimaji, sentimita 5 kwa 4, huenda ni jipu. Mashine ile, nimeambiwa baadaye na mtu anayeijua, ina kitufe cha kuonyesha mwendo wa damu. Hakikubonyezwa. Fomu haikuwa imeuliza.

Tangu siku hiyo, fomu ya kipimo naisoma kabla haijatoka mkononi mwangu. Sijasomea udaktari; mimi ni wakala wa pesa za simu. Lakini najua kusoma, na najua kusema, "Daktari, naomba uandike pia kwamba ana uvimbe wa mfupa wa zamani hapo hapo." Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Basi, wakapanga kumtumbua mchana ule ule. Chumba cha upasuaji mdogo, kitanda chenye mpira mweusi, harufu ya spiriti. Kijana kalala kifudifudi. Nyuma ya goti kumeshapakwa ile dawa ya kahawia, sindano ya ganzi imevutwa, kisu kimetolewa kwenye karatasi yake. Niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa kuwa alikuwa analia. Muuguzi aliyekuwa anamshikilia mguu alikuwa mama mtu mzima, wa kukaribia kustaafu. Akaweka kiganja juu ya uvimbe ili kuunyoosha mguu, akatulia. Akakiacha kiganja pale pale. Sekunde tano, labda kumi.

"Daktari, hebu weka mkono hapa kwanza."

Daktari kijana akaweka.

"Mbona kinadunda?" mama akauliza, taratibu kabisa, kama anauliza saa.

Nami niliitwa nikashika. Ni kama kumshika njiwa kifuani. Daktari akachukua kipimo chake cha masikioni, akasikiliza, akanipa nami nisikilize: sauti ya mvukuto wa mhunzi, fuu, fuu, fuu, sambamba na mapigo ya moyo. Kisu kikarudi kwenye bakuli la chuma. Kile kimlio kidogo bado nakisikia.

Sina ugomvi na yule daktari. Alikosea, kisha alipoonyeshwa hakubisha. Aliandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mzima safari hii. Alitukataza kukanda, akatukataza kumpa diklofenak na aspirini, akatuambia asikanyagie ule mguu, na mguu ukipoa, ukififia rangi au ukipata ganzi tusingoje kukuche. Mama yule muuguzi nilimtafuta baadaye nimshukuru, akaniambia, "Mwanangu, mimi jipu ninalijua, halipumui."

Dar tulifikia kwa shangazi, Mbagala. Safari ya daladala na mtu mwenye mguu ule usiijaribu. Siku ya kwanza tulijaribu, kuanzia ya pili tukapanda bajaji hata ilipotuumiza mfukoni.

Kipimo cha kwanza kule kilikuwa ultrasaundi ya Doppler, ile inayoonyesha mwendo wa damu, 60,000. Daktari wa radiolojia, dada mmoja mpole, aligeuza kioo tukaona wote. Ndani ya ule mfuko mweusi mlikuwa na nyekundu na buluu zinazozungukana kama maji ya beseni uliyoyakoroga kwa mkono. Nilidhani nyekundu ni damu safi na buluu ni chafu. Akacheka. Rangi zile, alisema, ni mwelekeo tu: nyekundu damu inakuja upande wa kifaa, buluu inaondoka. Zikizungukana namna hii ndani ya mfuko, maana yake damu inaingia kila moyo unapopiga na kutoka moyo unapopumzika. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni ulikuwa umetoboka, na kilichokuwa kinazuia damu isimwagike ni nyama zilizouzunguka tu. Wanaita aneurizimu bandia; aneurizimu ni mshipa wa damu uliotuna kama mfuko. Bandia kwa sababu ukuta wa ule mfuko si ukuta halisi wa mshipa.

"Na wangekata?" nikamuuliza.

Alipangusa kile kifaa muda mrefu kuliko kilivyohitaji kupanguswa.

Sababu yake aliieleza daktari wa upasuaji wa mishipa kesho yake. Pale nyuma ya goti mshipa umebanwa mahali pake, hauna pa kukimbilia. Ukikunja na kukunjua goti unapita juu ya ncha ya kile kinundu, kama kamba ya ndoo inavyosuguana na ukingo wa kisima. Utotoni ncha ile imevishwa kofia ya gegedu, laini na nene. Kijana anapomaliza kurefuka, gegedu inageuka mfupa na ncha inabaki kali. Ndiyo maana jambo hili, ingawa ni nadra, huwapata hasa vijana wa umri wake. Yaani ile miaka tuliyokuwa tunajiambia "sasa kimeacha kukua, tumepona," ndiyo iliyokuwa ya kuangaliwa zaidi.

Baada ya hapo ikaja CT ya mishipa, yaani eksirei inayopiga mwili vipande vipande. Hii niielezee kidogo kwa sababu watu huitumia kutishia watoto. Kwanza wanapima damu kuangalia figo, kipimo cha kreatinini, kwa kuwa dawa watakayochoma ili mishipa ing'ae hutolewa na figo. Waliuliza kama ana pumu, kisukari, au aliwahi kuvimba na kuwashwa kwa dawa yoyote, jibu kweli. Walimtaka akae saa kadhaa bila kula. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa, kwenye mkunjo wa kiwiko, analala, kitanda kinaingia kwenye duara kubwa lililo wazi pande zote mbili, si shimo. Yenyewe ni dakika chache. Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba dawa ikiingia, joto linatembea mwili mzima hadi kinenani. Alipotoka alinivuta sikio kwa aibu: "Dada, nimejikojolea." Hakuwa amejikojolea. Wengi huhisi hivyo. Mwambieni mgonjwa wenu kabla.

CT ilikuwa 380,000, na nilipoiona picha sikuijutia hata shilingi. Kompyuta ilikuwa imeuunganisha mguu mzima, mfupa mweupe, mshipa mwekundu, ukiweza kuuzungusha kama unavyogeuza embe sokoni. Ncha ya kinundu imegusa mshipa hasa pale mfuko ulipoanzia. Mfuko umefika sentimita 6. Chini yake mishipa mitatu inayoshuka kwenye unyayo bado inapitisha damu, na hiyo ndiyo habari njema waliyokuwa wanaitafuta.

Wakati wote huo mjomba alikuwa anapiga simu kutoka kijijini: "Mpelekeni MRI! MRI ndiyo inaona kila kitu!" Ndiyo ile picha ya mashine ya sumaku. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Hii imani kwamba kipimo ghali kuliko vyote ndicho bora kuliko vyote imewafilisi wengi niliowaona pale. Nilimpelekea swali daktari wa mifupa, akanijibu bila kukasirika. MRI angeihitaji kama hofu yake ingekuwa kinundu kugeuka saratani, jambo linalotokea kwa wachache mno, karibu mmoja katika mia kwa wenye kinundu kimoja. Hapo MRI hupima ile kofia ya gegedu. Kwa mtu mzima ikizidi sentimita 2 wanaingiwa na wasiwasi. Kwa mtoto anayekua kofia nene ni kawaida. Mdogo wangu yake ilikuwa nyembamba, na Doppler na CT zilikuwa zimeshajibu swali lililokuwa mezani. Ng'ombe wa mjomba akabaki zizini, na baadaye maziwa yake yalilipa sehemu ya deni.

Daktari huyo wa mifupa alituuliza pia kama mdogo wangu ana vinundu kwingine, akamkagua mbavu, mabega, vifundo vya mikono, kisha akamkagua mama na mimi. Kuna familia ambazo vinundu hivi ni vingi na hurithiwa, mzazi mwenye hali hiyo kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuipata, na kwao hatari ya saratani ni kubwa zaidi. Sisi hatuna. Ila kama kwenu kuna babu, baba na mtoto wote wenye "mifupa iliyoota," msiichukulie kuwa alama ya ukoo tu.

Benchi la kliniki ya mifupa lilinifunza kuliko nilivyotarajia. Pembeni yetu alikaa mtoto wa miaka tisa, mkono wa kulia begani kwa kitambaa. Alirusha kipande cha ubao kuangua embe, mkono ukavunjika hewani. Eksirei ilionyesha tundu ndani ya mfupa, uvimbe wa maji, na kipande cha mfupa kilichomeguka kimezama chini ya tundu kama jiwe kwenye glasi. Kwa kuwa kipande kilizama, walijua mle ndani ni maji, si nyama. Eksirei moja ya bei ya chini, na jibu likapatikana. Mbele yake alikaa binti wa chuo aliyekuwa na maumivu ya mfupa wa mundi mwaka mzima, usiku ndiyo yanazidi, akimeza aspirini yanapotea. Nyumbani walisema ni mambo ya majini. Yeye eksirei ilionyesha mfupa mnene tu, lakini CT iliyokatwa vipande vyembamba ikamkuta mdudu mwenyewe: kiini kidogo kuliko punje ya haragwe, osteoidi osteoma. Aliniambia alilia alipoonyeshwa, si kwa huzuni, bali kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu cha kuonyesha watu.

Neno saratani, hata hivyo, lilikaa nasi kitanda kimoja wiki tatu zile. Hakuna daktari aliyelitamka kwa kutuogopesha; ni sisi. Mama aliacha kula. Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu usiku hadi chaji inaisha, na kila nilichosoma kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Kilichonituliza ni kuandika maswali matatu kwenye kikaratasi kila kabla ya kliniki na kutotoka chumbani bila majibu yake: Hii picha mnatafuta nini? Mkikikuta mtafanya nini? Msipokikuta mtafanya nini? Mara moja swali la tatu lilifanya kipimo kimoja kifutwe, maana daktari alijisikia akijibu kwamba kwa vyovyote wangempasua.

Walimpasua mwezi wa saba, madaktari wawili pamoja, wa mishipa na wa mifupa. Kinundu kilikatwa kuanzia shinani, tundu la mshipa likazibwa kwa kiraka cha veni, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, iliyotolewa mguu mwingine. Tulitakiwa wachangiaji damu wawili. Nenda nao mapema, usingoje asubuhi ya upasuaji ukaanza kuomba vijana wa kijiweni kama nilivyofanya mimi. Kinundu kilipelekwa maabara. Majibu yalichukua wiki mbili, na yalikuwa yale yale ya dirishani miaka minne nyuma: osteokondroma, hakuna saratani.

Hesabu yote, vipimo, upasuaji, dawa, nauli na kula, ilifika shilingi milioni 3 na laki 1. Bima hatukuwa nayo. Laki saba zilitoka kikoba, milioni na nusu michango ya ndugu na walimu wake, zilizobaki deni. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali niliigundua siku ya kutoka, kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyepunguziwa gharama baada ya kueleza hali yake na kuleta barua ya serikali ya mtaa. Ipo kwenye hospitali zetu kubwa. Iulize siku ya kwanza.

Picha zake sasa ziko sehemu tatu. Filamu kwenye bahasha ya nailoni, imening'inizwa ukutani mbali na bati. Diski ya CT kwa shangazi. Na majibu yote ya maandishi nimeyapiga picha, yako kwenye simu yangu na ya mama. Tarehe nimeandika mimi mwenyewe kwa kalamu nene, maana moja ya bahasha ilitolewa bila tarehe.

Kilibaki kiganzi kidogo upande wa ndani wa unyayo kwa miezi miwili. Mtihani wa Novemba aliufanya, mguu kaunyoosha juu ya kiti cha pili, kwa ruhusa ya msimamizi.

Mwezi wa kwanza tulirudi Dar kwa Doppler ya kuhakikisha. Dada yule yule wa radiolojia akapitisha kifaa nyuma ya goti: mstari mmoja mwekundu, umenyooka, hakuna kinachozunguka. Akashuka hadi kwenye kifundo, akaongeza sauti ya mashine. Fwaa, fwaa, fwaa, kavu na ya haraka. Mdogo wangu akaomba airekodi kwenye simu. Akamtumia bibi, bila maelezo yoyote. Bibi akapiga saa hiyo hiyo kuuliza ni nani anapiga mbizi.